Ndugu Besi na Spika ya Tatu

Thadeo alikuwa mtu wa safu ya nyuma tangu utotoni. Kule Mzenga alikozaliwa, sauti yake ilikuwa nzito mapema kuliko za wenzake, na padri aliyekuwa akiwafundisha nyimbo akamsogeza nyuma asimame na watu wazima. Hakurudi mbele tena. Katika picha ya kumaliza darasa la nane limeonekana sikio lake la kushoto tu. Katika picha ya harusi yake mwenyewe, ambako hakuna aliyemsogeza, mpiga picha alibonyeza wakati bwana harusi ameinama kuokota pete.

Kitu kimoja tu duniani kilikuwa na Thadeo ndani yake kwa uhakika, nacho kilikuwa santuri. Mwaka wa sabini na moja, nchi ilipotimiza miaka kumi ya uhuru, kwaya ya parokia yao ya Kisarawe ilirekodi wimbo wa kusifu kilimo cha ujamaa, ukatolewa kwenye santuri ndogo. Thadeo aliimba besi. Mkewe, Paskalia, aliimba soprano, safu ya mbele. Baadaye wakahamia Kibaha, Thadeo akawa mtunza stoo katika kituo cha elimu, na huko hakumtajia mtu jina lake bila kuongeza cheo: "Thadeo hapa, besi ya kwanza." Majirani wakamwita Ndugu Besi. Karani aliyekuwa akiandikisha wapiga kura alimwandika Thadeo Besi, akidhani hilo ndilo jina la baba yake.

Taabu ni kwamba santuri yenyewe haikumuunga mkono. Mwalimu mmoja kutoka Ufini, alipokuwa anarudi kwao, alimwachia Thadeo stereo yake: mashine ya santuri na spika mbili ndogo, kila moja ukubwa wa mkate. Thadeo alizipanga juu ya rafu, kando ya vitabu vya sala. Zilikuwa spika nzuri. Soprano zilitoka safi kiasi kwamba ungesikia akina mama wakivuta pumzi. Alto zilikuwemo, na wanaume wa sauti ya tena walisikika wembamba kama akina mama. Chini yao, pale alipotakiwa kuwapo Thadeo, palikuwa kimya. Mwisho kabisa wa wimbo kulikuwa na mkwaruzo mdogo, kama sindano imekanyaga punje ya mchanga, na kila mara Thadeo aliipangusa santuri kwa kitambaa laini huku akililaumu vumbi la Kibaha.

Abeid, balozi wao wa nyumba kumi, alialikwa kuja kusikiliza. Aliusikiliza wimbo mara tatu, kichwa amekiinamisha kama mtu anayepokea taarifa ya wilaya.

"Ndugu Besi," alisema mwishoni, "hii kwaya ya wanawake ni nzuri sana."

"Wanaume tupo! Sikiliza chini."

"Chini wapi? Chini naona meza."

Thadeo akamgeukia mkewe, aliyekuwa akichambua mchele. "Mama Stella, hebu mwambie."

Paskalia hakuinua macho kwenye ungo. "Haumo, Baba Stella. Balozi ameshasema haumo, basi. Kunywa chai."

Neno hilo lilimchoma. Angelisema Abeid peke yake, sawa, lakini mkewe, ambaye siku ile walisimama chumba kimoja! Abeid naye hakuwa mtu wa kuacha neno tamu lipotee. Alilizungusha nyumba zote kumi, na nyingine kadhaa zisizomhusu. Kabla ya wiki kwisha, Thadeo akipita bombani anasikia akina mama wakiitana, "Haumo!" Alicheka nao, akaenda stoo, akajifungia na majembe. Alikuwa na miaka arobaini, na alianza kujiuliza kwa dhati kama siku ile aliimba kweli au aliota.

Ndipo alipokwenda kwa Twalibu, fundi redio wa Maili Moja. Twalibu alimsikiliza kama mganga anavyomsikiliza mgonjwa.

"Spika zako hazina kosa, kaka, ila kifua chao kidogo," alisema. "Besi inataka kifua."

Alikuwa na spika moja kuukuu, pana kama sinia la pilau, iliyotoka kwenye bendi ya dansi iliyovunjika baada ya wapigaji kugombana. Akaeleza mpango wake. Spika hiyo ingetengenezewa boksi lake, kisha ingefungiwa koili ya waya wa shaba, ili sauti nyembamba zizuiwe na zile nzito pekee zipite. Zile mbili za rafuni zingeendelea na kazi yake.

"Kila mtu kwa uwezo wake," alisema Thadeo, ambaye hakuwahi kukosa semina hata moja ya ujamaa.

Walichukua boksi kuukuu la majani ya chai, wakalipigilia mbao nene kwa ndani, wakaziba nyufa kwa gundi mpaka sisimizi akose pa kupita. Twalibu akasema ndani panataka kujazwa sufi, sauti isije ikagongagonga. Sufi yenyewe ilikuwa mahali pamoja tu katika nyumba ile, kwenye mito mitatu ya kitandani. Paskalia aliishona kwa mikono yake, kwa sufi ya kwao Masaki ya Kisarawe, mwaka alioolewa. Thadeo aliiomba kwa maneno ambayo mkewe hakuwa ameyasikia tangu siku za uchumba.

Paskalia akamuuliza: "Una hakika unataka kujisikia?"

"Nataka."

"Baba Stella, una hakika?"

Thadeo alidhani anaulizwa habari za mito. Akaapa kwamba ana hakika.

Jumapili baada ya misa, sebule ilijaa. Abeid alikalia kiti cha mbele kama mgeni rasmi. Twalibu aliunga nyaya, akaweka santuri ya dansi ya majaribio, na besi, badala ya kuongezeka, ikapungua hata ile kidogo iliyokuwepo. Watu wakaanza kukohoa. Twalibu alilala kifudifudi nyuma ya boksi, akachungulia.

"Nimezigeuza nyaya," alisema. "Wenzake wakisukuma, huyu anavuta."

"Hao nawajua," alisema Abeid. "Ninao kwenye shamba la pamoja."

Nyaya zikabadilishwa, boksi likasukumwa pembeni mwa chumba. Safari hii vikombe vikaanza kuteta kabatini. Thadeo akaipangusa santuri ya kwaya, akaiweka mashineni.

Soprano zikaingia, zikafuata alto na sauti za tena. Kisha kutoka chini, kupitia sakafu na miguu ya viti, wakaingia wanaume wa besi. Thadeo alihisi koo lake mwenyewe likimjibu. Alilia mbele za watu na hakujali. Abeid akavua kofia.

Wimbo ulimalizika kwa neno lililoimbwa na wote kwa nguvu, likakatwa ghafla jinsi alivyowafundisha mwalimu wao Fabian: *tuvune pamoja!* Kwaya nzima ikasema pamoja, ikanyamaza. Halafu, kutoka kwenye boksi la chai, sauti nene ya mwanamume mmoja, yenye furaha isiyo na shaka yoyote, ikamalizia peke yake:

"...moja."

Twalibu aliangalia dari.

"Nani huyo?" aliuliza Abeid.

Siku ile ya kurekodi ikamrudia Thadeo yote. Alikuwa amefumba macho kwa utamu wa wimbo, hakuuona mkono wa Fabian. Walikuwa wamesharudia mara nne, na fundi wa mitambo akasema muda umekwisha, ikaachwa hivyo hivyo. Kumbe vumbi alilokuwa akilipangusa miaka yote ni yeye mwenyewe. Na Paskalia, mwenye masikio ya soprano, alijua tangu siku ya kwanza. Aliposema haumo, alimtoa kwenye wimbo ili asije akakutwa humo na kosa lake.

Njia ya kujiokoa ilikuwepo. Besi walikuwa wanne, na watatu walikuwa Kisarawe, mbali, wasingeweza kujitetea. Thadeo akafungua mdomo. Lakini kama yule si yeye, basi alikuwa wapi tena? Angebaki na sikio la darasa la nane.

"Ni mimi," alisema. "Huyo wa mwisho ni mimi."

Abeid alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kofia. "Yumo!" alipiga kelele. "Jamani, yumo! Rudia!" Ikarudiwa mara sita. Wageni wakaondoka wakiimba, na kila nyumba waliyopita ilisikia pamoja, kisha moja.

Jua lilikuwa bado ukutani Thadeo alipochukua koleo, akapiga magoti nyuma ya boksi kuukata waya. Paskalia akamshika mkono.

"Acha," alisema. "Nalaza kichwa kwenye godoro tupu kwa ajili ya huyo mtu. Niache nimsikie."

Akainua sindano mwenyewe, akaishusha karibu na mwisho, pale ambapo mumewe siku zote alikuwa akipangusa.