Redio Iliingia Yote

Harufu ya poda ya mtoto ikinifikia, hasira hunipanda hapo hapo. Jana mume wangu alikuwa akimpiga mtoto wetu picha sebuleni kwa simu, akarudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa mlango.

"Ngoja, TV haijaingia," akasema.

"Achana na TV! Sogea karibu, upige uso!" nikamfokea.

Nilipokuwa mtoto, Mama alimpaka mdogo wangu mchanga poda kama hiyo, shingo nzima ikawa nyeupe, siku mpiga picha alipokuja nyumbani kwetu Sori. Alimlaza kwenye kochi lenye vitambaa vilivyofuliwa asubuhi. Mpiga picha akapiga goti mbele ya uso wake. Baba akamvuta bega.

"Rudi nyuma. Redio iingie, na kabati lote. Ndugu zangu wa Migori waone."

"Baba watoto, mtoto hataonekana," Mama akasema.

"Si atakua? Tutampiga nyingine."

Mpiga picha akarudi nyuma, akarudi tena, mpaka akatoka nje, akasimama katikati ya omena, wale dagaa wa ziwani, walioanikwa. Akapigia huko.

Mdogo wangu alizikwa hata hajajua kutambaa. Nyingine haikupigwa. Katika hiyo moja, redio iliingia yote, mpaka mshale wa stesheni unauona. Kwenye kochi kuna kitu cheupe, kidogo, bila macho wala mdomo.

Picha anayo Mama. Akitaka kuitazama, kwanza huifunika ile redio kwa kidole gumba.