Mmea wa Mama na Uzi wa Wavu

Nakumbuka vizuri asubuhi ile pale Kaloleni, mwanangu, nikiwa bado bibi harusi wa juzi. Mama yangu alikuwa amefariki Sondu, na kitu pekee nilichotoka nacho nyumbani kwake kilikuwa kipande cha mmea wake wa kutambaa. Nikaupanda kwenye debe la rangi. Ukashika, ukakua, ukawa mtundu. Ulifunika redio, ukamwagika sakafuni, kila anayepita anaukanyaga.

"Huu msitu utoke," mume wangu akasema, "ama usimame kama watu."

Niliogopa, maana kwangu mmea ule ulikuwa kama mama mwenyewe. Basi mume wangu akachomeka fito, na kwa kuwa mtu wa ziwani hana kamba nyingine, akaleta uzi wa nailoni wa kushonea nyavu. Akaufunga mmea toka chini hadi juu kwa mafundo ya mvuvi, yale yasiyoteleza. Ukasimama wima. Nilifurahi, sikufichi.

Wiki chache baadaye majani ya juu yakawa manjano. Shangazi ya mume wangu alikuja kutusalimia kutoka Nyalenda, akapapasa shina, akakuta uzi umezama ndani.

"Baba," akamwuliza mume wangu, "hii ni maua ama ni samaki, mbuta unapeleka soko?"

"Lakini anti, si husemwa samaki mkunje angali mbichi?"

"Mkunje. Nani alisema umnyonge?"

Akaukata uzi kwa wembe. Sehemu ya juu ilikuwa imekufa, na nililia mbele yao bila haya. Chini palibaki vifundo viwili vya kijani. Shangazi akazungushia fito gunia kuukuu, akalilowesha, kisha akashikiza shina kwa vipande vya leso iliyochanika. Gunia likiwa na unyevu, mizizi midogo ya shina hujishikia yenyewe. Mmea ukapanda tena, polepole.

Mwanangu, nasikia nawe umejaza maua chumbani. Weka fito siku ile unayopanda, kabla mizizi haijajaa chunguni ukaja kuichoma. Funga kwa kitambaa laini, fundo likae kwenye fito, kidole kipite kati ya kitambaa na shina. Shina likinenepa, legeza. Usingoje majani yakuambie, kwa sababu yakisema umeshachelewa. Na ukijaliwa watoto, fanya vivyo hivyo.

Mungu akujalie watu wa kukushika usianguke, na awape mikono isiyokubana. Amina.