Sufuria za Majaribio

Majina ya watu wa Mtanda ninayo yote kichwani, mpaka ya waliohama. Hapa siyaandiki, maana wengine bado wana sufuria zetu.

Mimi ndiye mtunza vyombo wa kikundi chetu cha akina mama. Sufuria za pilau, masinia, majamvi, vyote vya heri na msiba vimo katika chumba changu cha uani. Anayetaka anakuja, namwandika kichwani, anaondoka. Mwaka huu wenzangu wakaona nazeeka. Walilizungumza kwa adabu, yaani walisubiri niende chooni. Nilipotoka, uamuzi ulishapita: vyombo viandikwe kwenye kompyuta ya mjukuu wangu, na chombo ambacho mashine haijakiandika kisitoke. Ufunguo akauchukua mwenyekiti.

Mjukuu huyo wa kike naishi naye. Kazi yake ni kutengeneza programu. Aliweka mashine sebuleni, akasema ni seva.

"Seva ndiyo nini, mke mwenzangu?"

"Kompyuta inayokaa macho kutwa, nyingine zinaiuliza maswali."

"Kumbe ni mimi."

"Ni wewe, bibi, ila hii haigombi."

Programu ya kutunzia kumbukumbu ndani ya seva aliipata bure, ya kampuni moja ya mbali. Bure kwa sharti: aitumie kujengea na kujaribia tu. Kwa kazi halisi ilipiwe, na walitoza kwa kila kichakataji, yaani ubongo ulio ndani ya mashine. Mimi ningekuwa rahisi, ninao mmoja na umechakaa.

Basi tukajaribu. Jirani anakuja, anabeba sufuria hadi mlangoni, mjukuu anabonyeza, jirani anairudisha. Wengine walinogewa, wakawa wanakuja kujaribu kila asubuhi wakati wa chai.

Kisha jirani yangu wa ukuta wa pili akawa anamwoza binti yake kwa watu wa mtaa wa Rasbura. Siku moja kabla ya harusi, mchele umeshachambuliwa, akaja na mwenyekiti mwenye ufunguo kuchukua sufuria.

"Hii siwezi kuiandika, mama," mjukuu akasema. "Hii sasa ni kazi halisi. Nilikubali masharti."

"Si uliyakubali kwa kidole tu?" mwenyekiti akauliza.

"Na kidole ni changu."

Ni mimi niliyemfundisha kwamba ukisema ndiyo, ni ndiyo. Siku hiyo nilitamani ningekuwa mzembe kidogo katika malezi.

Mwenyekiti akawaza, akapata. "Basi tuandike kwamba harusi hii ni ya majaribio."

Mama wa bibi harusi akavua kanga ya kichwani akajifunga kiunoni. "Mwanangu anaolewa kwa majaribio? Na mahari niliyopokea ni ya majaribio?"

"Shoga, ni sufuria tu..."

"Sufuria ikiwa ya majaribio, pilau lake la nini?"

Neno likatoka uani, likavuka barabara. Haikupita muda mshenga akafika kutoka Rasbura, kanzu imelowa jasho. Alitusalimu, hakuketi.

"Wazee wamesikia ndoa ni ya majaribio. Kama mnamjaribu kijana wetu, semeni sasa. Wasipopata jibu kabla ya alasiri, hawaji."

Mama wa bibi harusi akakaa chini, akaifungua kanga kiunoni. Kelele zake nilikuwa nimezizoea. Kufunguliwa kwa kanga ile kulinitisha. Mjukuu wangu, machozi yanamlengalenga, anafungua ukurasa huu, anafunga ule, mpaka akapata programu nyingine, ya watu wanaoazimisha vitabu. Bure hata kwa kazi halisi, na bongo hazihesabiwi. Safari hii hakubonyeza haraka. Alitusomea masharti kwa Kiswahili chake, mshenga amesimama mlangoni kama shahidi wa nikaha.

"Inatolewa kama ilivyo, bila dhamana yoyote."

"Kama mume wangu," mwenyekiti akasema.

"Ukiibadilisha ukawapa watu waitumie, mabadiliko nayo uyaache wazi, wengine wayachukue."

Mama wa bibi harusi akainua kichwa. "Si chombo hakirudi kitupu? Hilo nalo la kusomewa? Bonyeza!"

Akabonyeza. Sufuria zikatoka, halisi. Mshenga akaomba sinia moja aende nalo Rasbura kama ushahidi, nalo likaandikwa.

Ndoa ikafungwa. Vyombo vikarudi, kila kimoja na kitu ndani: pilau, ukoko, maandazi. Programu haikuwa na pa kuandika vitu hivyo, akina mama wakagoma kuondoka. Isipoandikwa, nani ataamini kwamba fulani alirudisha kwa adabu? Mjukuu akaongeza kisanduku: *Kimerudi na nini?* Na kwa kuwa alishakubali sharti, akakiacha wazi kwa dunia nzima.

Juzi ameandikiwa na mtu wa nchi moja ya baridi, anayeazimisha majirani zake misumeno na ngazi kwa programu hiyohiyo. Anauliza kisanduku kile ni cha nini, na je, ni lazima kukijaza.

"Nimjibu nini, bibi?"

"Mwambie si lazima. Jina lake nani?"

Akanitajia. Gumu kama kokwa, lakini nimeshalikariri.