Kitambaa cha Mausi

Miaka ya tisini ikielekea kuisha, nilikuwa nimeandikwa kazi katika ofisi ndogo ya kupiga chapa pale Makutano, Meru. Shule yangu iliishia kidato cha pili, lakini nilikuwa nimesomea kompyuta miezi mitatu, na kichwani mwangu hiyo ilikuwa sawa na kumaliza chuo kikuu. Tulikuwa wafanyakazi wawili. Mwenzangu alikuwa kijana wa kutoka Runyenjes, mcheshi, ambaye saa ya chakula hakutoka kwenda kula. Alibaki kwenye mashine akiendesha gari la mchezo, akiegemea kulia na kushoto kama amebeba abiria kweli. Mwenye ofisi tulimwita Madam. Alituruhusu kucheza bora tu kazi za watu ziwe tayari.

Kazi zenyewe zilikuwa kadi za harusi, barua za vikundi vya kahawa, na programu za mazishi. Mimi nilipewa kadi kwa sababu nilipenda kuchora. Kuchora kwa mausi ya wakati ule, kile kipanya cha kompyuta chenye mpira tumboni, kulihitaji mahali pazuri pa kuisukumia. Sisi hatukuwa na padi ya kuwekea mausi. Tulisukuma juu ya mbao tupu, na mwenzangu aliweka jalada la daftari, ambalo lilikimbia meza nzima kila akikata kona.

Siku moja nikiwa nyumbani Kianjai nilimweleza mama haya yote. Nyumbani kwetu, kama kwa majirani, hakuna kitu kilichokaa bila kitambaa cha kufuma. Redio ilikuwa nacho. Thamosi ilikuwa nacho. Mikono ya viti, mgongo wa viti, hata saa ya mezani ambayo haikuwa ikitembea, ilivikwa vizuri. Mama alinisikiliza akakunja uso.

"Kitu cha ofisi kinalazwa juu ya mbao hivyo hivyo? Na wageni wanaingia wanaona?"

"Wanaona, mami."

"Aibu gani hiyo," akasema, na nikajua jambo limeanza.

Baada ya wiki chache jirani aliyekuja mjini aliniletea bahasha kubwa. Ndani mlikuwa na kitambaa cheupe chenye pindo la samawati, kikubwa cha kufunika upande wote wa meza yangu, na katikati maua matano yaliyoinuka kama vikombe vilivyopinduliwa. Nilikaa nacho mapajani nikigusa ua baada ya ua. Mama alikuwa na shamba, ng'ombe na mgongo unaouma, na bado alikuwa amekaa akafuma haya maua moja moja.

Madam alikisifu. Mwenzangu akasema, "Siste, sasa umekuwa meneja." Halafu nikaweka mausi juu yake nikaanza kuchora pambo la kadi ya harusi.

Mshale kwenye kioo uliruka. Ukasimama. Ukaruka tena. Kila mausi ilipofika kwenye ua, ilipanda mlima, na ilipoteremka upande wa pili, mstari wangu ulikuwa umepinda kama njia ya kuku. Nilivumilia siku mbili. Siku ya tatu Madam alishika kadi niliyomaliza, akaitazama, akanitazama.

"Hawa watu wanaoana au wanaachana?"

Nikakitoa. Nilikikunja vizuri nikakitia kwenye droo. Lakini kila mama alipouliza, nilimwambia kinafanya kazi vizuri sana, kila mtu anauliza kimetoka wapi. Hilo la pili lilikuwa kweli. La kwanza lilinichoma moyo. Ningemwambiaje? Niliona vidole vyake vikihesabu nyuzi, nikaona uso wake ukianguka, nikarudia uongo ule ule.

Basi mama akatuma habari kwamba Jumamosi anakuja Meru, na kabla ya kwenda popote atapita aone kitambaa chake kikifanya kazi.

Asubuhi hiyo nilikitandika tena. Mwenzangu alitingisha kichwa.

"Mwambie tu."

"Siwezi. Atalia."

"Mama wa Kianjai alie kwa sababu ya uzi? Haya, utaona."

Mama aliingia saa nne, amevaa kilemba chake cha kanisani na viatu vya kusafiri. Alisalimia wote, akapewa kiti karibu yangu, akatazama kitambaa chake kwa furaha ambayo ilinifanya nitake kuingia chini ya meza. "Sasa fanya kazi nione," akasema.

Nikafanya. Nilijaribu kupita kando ya maua, polepole, nikitabasamu. Mshale uliruka. Nikatabasamu zaidi. Mama alitazama kioo, akatazama mkono wangu, akatazama kioo tena. Yeye hajawahi kugusa kompyuta, lakini anajua kitu kinachokwama.

"Ilete hapa," akasema, akaichukua mausi na kuigeuza tumbo juu. Karibu na mpira palikuwa na uzi wa samawati umejizungusha, mwingi kiasi cha kushona kifungo. Aliuvuta kwa kucha, ukatoka wote.

"Imekwama hivi siku ngapi?"

"Tangu siku ya kwanza, mami. Siku ya tatu nilikitoa. Nimekitandika leo kwa ajili yako."

Hakulia. Alikunja uzi ule ukawa kama kidonge, akaushika kiganjani.

"Mimi nimefuma nguo ya kitu ambacho sijawahi kukiona," akasema. "Ni kama kushonea mtu sweta kwa kusikia sauti yake. Wewe ndiye ulikuwa unakiona. Kwa nini ulinyamaza?"

"Niliogopa utaumia."

"Sasa nimeumia kidogo, na kadi za watu zimeharibika. Haya, inuka. Kinatakiwa kitu cha namna gani?"

Mjini hapakuwa na padi kubwa. Ndogo zilikuwepo kwa muuza kompyuta mmoja, za ukubwa wa sahani, na mwenzangu alikuwa amezikataa akisema gari lake litaanguka nje. Lakini mama alikuwa ameona, akishuka garini, kibanda cha fundi anayeshona viti vya magari. Mwenzangu alizima mashine, akafungua skrubu mbili ndogo zilizoshika waya wa mausi, nayo ikasafiri ndani ya mkoba wa mama. Madam alitupa sisi watatu nusu saa.

Fundi alisikia shida yetu akacheka hadi akaweka sindano chini. "Nimeshona viti vya lori, vya basi, hata cha daktari wa meno. Hiki kitakuwa kidogo kuliko vyote."

"Leta vipande, acha maneno," mama akamwambia.

Akaleta. Mama alivipapasa kimoja kimoja kwa upande wa nyuma wa mkono, vile anavyopima homa ya mtoto. Kipande cha plastiki kama ngozi kiling'aa sana. Mausi iliteleza na mpira haukuzunguka. Kapeti ya chini ya gari iliushika mpira kabisa. Mama aliinamisha sikio karibu na kila kipande huku mimi nikisukuma. "Hapa hausemi kitu," alisema. "Hapa unanung'unika." Tulipofika kwenye kitambaa cha kiti, chembamba, cha rangi ya damu ya mzee, kilichogandishwa juu ya sponji nyembamba, mpira ulinguruma sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho. "Hapo," akasema mama. "Hapo unaongea."

Fundi akauliza vipimo vya meza. Nikaanza kumtajia, mama akanikatiza.

"Meza haivai. Pima huyu."

Akaniweka kwenye kiti cha fundi, akaniambia nifanye kama niko kazini. Nikachora pambo hewani, kona hadi kona, naye akaweka alama ya chaki kila mkono wangu ulipofika. Halafu akamwita mwenzangu aonyeshe gari lake. Mkono wa kijana ulipita alama zangu zote, ukagonga kopo la gundi.

"Huyu anacheza au analima?" mama akauliza.

"Mama, hiyo kona ni kali," mwenzangu akajitetea.

Fundi alikata kwa alama za yule wa kona kali, akashona pindo mara mbili ili pasitoke hata unyuzi mmoja. Tuliporudi, padi ilichukua karibu nusu ya meza. Madam alilalamika kwamba karatasi zitakaa wapi, kisha akaisukuma mausi mara moja, na tena, akasahau karatasi. Mimi nilichora mstari wa pambo bila kunyanyua mkono, kutoka upande mmoja wa kadi hadi mwingine. Mama aliufuata kwa macho mpaka ulipofika.

Nilimsindikiza hadi steji ya magari, kitambaa chake kikiwa kwapani mwake. Nilimwomba msamaha tena.

"Mwari wakwa," akasema, maana yake binti yangu, na aliniita hivyo pale tu alipokuwa hana hasira, "siku nyingine nikikupa kitu kibaya, sema ni kibaya. Tutacheka, nitafanya kingine. Si afadhali?"

"Ni afadhali."

Moyo wangu ukawa mwepesi sana. Nikaona niendelee papo hapo.

"Mami, hata ile sweta ya kijani uliyonifumia mwaka jana, inawasha shingo."

Mama akasimama katikati ya njia, akanitazama kutoka juu hadi chini.

"Ile utavaa," akasema. "Huku kuna baridi."