Njia Isiyo na Mavi ya Ng'ombe

Bodaboda aliyenishusha chini ya kile kilima cha msitu, nje kidogo ya Geita, alilitazama begi langu la mgongoni, kisha akanitazama mimi. "Dada, umefukuzwa nyumbani?"

Nilimjibu kwamba nimekuja kutembea tu. Alicheka mpaka akazima pikipiki. Halafu akasema bila kucheka, "Humo kuna maduara ya zamani ya dhahabu. Wachimbaji wameondoka, mashimo yamebaki. Angalia chini." Tukakubaliana anisubiri jioni upande wa pili, kwenye lami.

Nilipanda nikiwa na mashimo hayo tu kichwani. Binti yangu, kule nyumbani Kambarage, alikuwa amenisihi nisiende peke yangu, nami nikamjibu kwa ukali kwamba sijazeeka. Sasa hata jani likianguka nilishtuka.

Njia ilipogawanyika nilisimama. Ya kushoto ilikuwa nyembamba, imejaa mavi ya ng'ombe. Ya kulia ilikuwa pana, safi, imekanyagwa vizuri. Viatu vyangu vilikuwa vipya. Nikashika ya kulia, na kwa kweli nilijiona mjanja.

Ilinifikisha kwenye malundo ya udongo mwekundu chini ya miti, ikafia hapo. Nikahangaika huku na huku kutafuta inakoendelea, mpaka nikaona majani makavu yamelala juu ya fito zilizooza. Nilirusha jiwe. Likapenya katikati ya majani, na sikusikia lilipofika.

Wachimbaji ndio walioikanyaga njia ile, na mimi nilikuwa nimesimama katikati ya mashimo yao. Nilipogeuka sikujua nimepita wapi, maana majani makavu hayaweki alama ya mguu. Simu haikuwa na mtandao. Niliita, hakuna aliyeitika. Niliogopa, sioni aibu kusema. Niliogopa hata kukaa chini.

Ndipo nikaliona, pembeni kidogo: bonge la mavi ya ng'ombe, limekauka. Mbele yake lingine, na lingine. Kundi zima lilikuwa limepita pale. Ardhi iliyobeba kundi la ng'ombe itashindwaje kunibeba mimi? Msukuma mzima, niliyekua nikikanda mavi hayo hayo kusiriba nyumba ya mama, leo nimeyakimbia kwa ajili ya viatu!

Niliokota fimbo, nikawa naichomeka ardhini kabla ya kila hatua, mpaka nikalifikia bonge la kwanza. Kuanzia hapo sikuinua macho. Kila mabonge yalipoadimika moyo ulinipasuka. Nikiona lingine nilishukuru kwa sauti.

Miti ilipoanza kupungua nikakuta bonge bichi kabisa. Nikalikanyaga kwa makusudi, mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Simu ikaita.

"Mama, uko wapi?" aliuliza binti yangu.

"Niko kwenye mavi ya ng'ombe," nikamwambia, nikaangua kilio.