Fuvu Tulilolitupa Kisimani

Tulifika Sumbawanga juu ya lori, siku nzima na nusu kutoka Mbeya, baba akiwa amehamishiwa huko kikazi. Niliyakumbuka hayo juzi, nilipomwona mpwa wangu akicheza kwenye simu gemu ileile ya nyumba ya mizuka.

Sisi tuliicheza kwenye banda la video lililonuka mafuta ya taa na makoti yaliyolowa mvua, mabati yakigongwa na upepo. Kalisto, rafiki yangu Mfipa, alikaa ubavuni mwangu. Ilikuwa alasiri yangu ya mwisho. Kesho yake tulikuwa tunahama, na nilitaka kutoka ndani ya nyumba ile kabla sijaondoka. Ulibaki mlango mmoja tu. Ndani ya gemu, mkobani nilikuwa na fuvu.

“Tupa!” Kalisto alininong'oneza. “Huo uchawi, mshikaji.”

“Una hakika?”

“Wewe mgeni, unajua nini? Sumbawanga maana yake nini? Tupa uchawi!”

Nilimwamini, kwa kuwa mji ulikuwa wao. Nikalitupa kwenye kisima cha uani mwa nyumba ile. Mlango haukufunguka, sauti za nyayo za mizuka zikawa zinatusogelea, hadi mwenye banda akazima jenereta.

Juzi mpwa wangu alilipachika fuvu mlangoni, ukafunguka. Mafumbo yale ni mazuri kweli, ila mizuka yenyewe sasa naiona kama nguo zilizoanikwa. Nyayo tu ndizo bado zinanisisimua mwili.

Asubuhi ile ya kuhama, Kalisto alikuja kuniaga. Aliponyoosha mkono, bado nikiwa na hasira ya lile fuvu, nilijifanya nakaza kamba ya godoro, mpaka lori likaondoka.