Kiuno Changu na Ndizi za Harusi

Mimi bibi mzima nimejiaibisha mbele ya wakwe, acheni niseme mwenyewe kabla hamjasimuliwa.

Mjukuu wangu alipokaribia kuoa, kamati ikampa mpishi wa kukodi kutoka Kayanga kazi ya kupika ndizi. Mimi, niliyepika harusi zote za ukoo huu! Nikaingia zangu ndani kulala. Kesho yake kiuno kikakaza, hata kuinama siwezi. Kule zahanati nesi akaniuliza, "Bibi, kuna jambo linakuumiza moyo?"

"Binti, naumwa kiuno. Moyo unauulizia nini?"

Siku ya harusi nililala mkekani, nikiugulia kwa sauti ili kila mgeni anipe pole. Mara mwanangu akaingia mbio. "Mama, yule mpishi kafunika ndizi kwa bati! Hazijaiva!"

Bati? Niliruka, nikajifunga kanga, nikakata majani ya mgomba, nikazifunika upya, nikainua lile sufuria zima peke yangu huku naimba.

Nilipogeuka, wakwe wote walikuwa wamenikodolea macho. Mbele yao yule nesi, kumbe ni shangazi wa bibi harusi.

"Shikamoo bibi," akasema. "Kumbe kiuno kilikuwa kimesusa."